Milima inayokutana: habari za matuta ya mchanga, jangwani na chini ya mto

Wazee walisema ya kuwa milima haikutani, wanadamu ndio wanaokutana. Neno hilo ni kweli kwa Ruwenzori na kwa milima ya Mitumba. Lakini iko duniani milima ya namna nyingine, milima ya mchanga mtupu, ambayo hutembea usiku na mchana. Ile midogo huenda mbio, ile mikubwa huenda polepole, na midogo ikiifikia mikubwa, milima hukutana kweli kweli. Kwa mwendo huo nyumba hufunikwa, visima hufukiwa, na mashua hukwama mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa na maji ya kutosha. Watu wa mto wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Sisi tutaeleza namna mchanga unavyotembea, na namna wenye elimu walivyofaulu kuupima mwendo wake. Kwani mambo ya jangwani na mambo ya chini ya mto Kongo hufuata kanuni moja, na anayefahamu la kwanza hatashindwa na la pili.

Tuanze na chembe moja. Mchanga wa jangwani kwa kawaida ni vipande vya jiwe gumu liitwalo kwarsi, na upana wa chembe moja ni milimetre 0,2 au 0,3 hivi. Vumbi lililo jepesi kuliko hapo hupanda juu sana na kuchukuliwa mbali. Vumbi la Sahara huvuka bahari hata kufika Amerika. Kokoto nazo ni nzito, upepo haziwezi. Mchanga uko katikati: si mwepesi wa kuelea, si mzito wa kukaa. Upepo ukifikia kama kilometre 20 kwa saa, chembe huanza kuinuka. Inaruka, upepo unaisukuma mbele, inaanguka kwa nguvu, na katika kuanguka inapiga chembe nyingine na kuzirusha nazo. Hizo zinaruka, zinaanguka, zinapiga nyingine. Basi kwa muda mfupi uwanja mzima unarukaruka. Ziko pia chembe zilizo nzito kidogo, zisizoweza kuruka; hizo hupigwa na wenzao na kusogea zikitambaa chini. Tena wingu hilo la mchanga halipandi sana, sehemu yake kubwa haipiti magoti ya mtu. Ndiyo maana mtu aweza kusimama kati ya mchanga unaokimbia, miguu ikichomwa kama kwa sindano, na kichwa kikiwa katika hewa safi chini ya jua.

Aliyetufumbulia mambo haya kwanza alikuwa askari. Jina lake Ralph Bagnold, injinieri wa jeshi la Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alipokuwa Misri, siku zake za mapumziko alizitumia kwa safari za motokari katika jangwa la Libya, mahali ambapo watu walidhani motokari haiwezi kupita. Aliona matuta yamepangwa kwa utaratibu, yenye umbo moja, kama kwamba mkono wa fundi umeyachonga, akajiuliza upepo usio na akili wapata wapi utaratibu huo. Alipotoka jeshini mwaka 1935, alijenga katika chuo cha Imperial College mjini London sanduku refu la kupitisha upepo juu ya mchanga, akapima. Mwaka 1938 alirudi jangwani kuona kama vipimo vya sanduku vyapatana na vya upepo wa kweli. Vilipatana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1941, vita vikiwa vimemrudisha jeshini, na hata leo wenye kusoma habari za mchanga huanzia kwake. Aligundua ya kuwa karibu robo tatu ya mchanga huenda kwa kuruka na robo moja kwa kutambaa. Aligundua pia ya kuwa upepo mkali ukiongezeka mara 2, mchanga unaochukuliwa huongezeka karibu mara 8. Kwa hiyo siku chache za dhoruba hufanya kazi kuliko miezi mingi ya upepo mdogo. Bagnold alikufa mwaka 1990. Matuta ya kwanza yaliyochunguzwa kwa karibu na mashini katika sayari ya Marsi, mwaka 2015, yalipewa jina lake.

Sasa tuta lenyewe. Ukilitazama kwa ubavu utaona mgongo wa mteremko mdogo upande unaotoka upepo, na mbele uso wa mteremko mkali, wa digri 32 hadi 34. Mchanga mkavu hauwezi kusimama wima kuliko hapo, huporomoka. Chembe hupanda mgongo kwa kurukaruka, zikifika ukingoni huanguka mbele, mahali pasipo na upepo, na huko hukaa. Zikirundikana mno, uso huporomoka kidogo, na tuta limesogea hatua moja.

Wengine hushindwa kufahamu kitu gani hasa kinatembea. Wafikiri rundo la matofali katika kiwanja cha misioni. Mtu achukue matofali ya mwisho nyuma, ayapange mbele. Kisha arudi, achukue yaliyo nyuma sasa, ayapeleke mbele tena. Jioni rundo limevuka kiwanja. Lakini hakuna tofali lililosafiri siku nzima pamoja na rundo. Kila moja lilichukuliwa mara moja, kisha likalala chini ya wenzake likingoja zamu yake. Ndivyo ilivyo kwa tuta. Chembe iliyoanguka mbele hufunikwa, hulala gizani mpaka tuta zima limepita juu yake, na siku moja hutokea nyuma, juani, upepo uichukue tena. Katika tuta kubwa usingizi huo waweza kudumu miaka mingi. Umbo linasafiri daima, mchanga unapumzika kuliko unavyosafiri.

Kutokana na hayo twaweza kufanya hesabu, nayo si ngumu kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Tuseme upepo unapitisha juu ya ukingo, kwa kila metre 1 ya upana, metre kibiki 100 za mchanga kwa mwaka. Tuta likiwa na urefu wa metre 5 kwenda juu, mchanga huo watosha kulisogeza metre 20. Likiwa na metre 10, litasogea metre 10 tu. Tuta la kimo mara mbili lina mwendo nusu. Ndiyo sababu wadogo huwafikia wakubwa.

Mfano mmoja uko karibu nasi, katika Tanzania, kando ya bonde la Olduvai. Ni tuta moja peke yake katika uwanda wa majani, lenye umbo la mwezi mwandamo, pembe zake mbili zikielekea kule upepo unakokwenda. Tena ni jeusi, kwani si mchanga wa kwarsi, bali majivu ya volkeno, na chembe zake zina chuma ndani. Watu waliweka alama zenye mwaka mahali lilipokuwa, na mgeni anayezifuata anaona kwa macho yake njia liliyopita: kama metre 15 hivi kila mwaka. Huko Olduvai halimdhuru mtu. Katika oasi ya Kharga, Misri, mambo ni mengine. Huko matuta ya umbo hilo hilo hushuka kutoka kaskazini kwa misururu, yakifunika barabara, mashamba na nguzo za simu. Mkulima hana la kufanya ila kuhama na kungoja. Baada ya miaka tuta litapita, na ukuta wa nyumba utatokea nyuma yake kama chembe zinavyotokea.

Ni haki kusema pia ya kuwa mchanga huhifadhi. Kule Faras, katika Nubia, kulikuwa na kanisa kuu la askofu tangu karne za kati. Wakristo wa nchi hiyo walipopungua, upepo ukalijaza kanisa mchanga mpaka juu, likasahauliwa. Mwaka 1961 wataalamu wa Polonia, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, walianza kuchimba, kwa haraka, kwani maji ya boma kubwa la Aswan yalikuwa karibu kufunika nchi ile. Walipoondoa mchanga, kuta zilitokea na picha zaidi ya 100: malaika wakuu, Bikira Maria, Mtakatifu Anna akiweka kidole mdomoni, na maaskofu wenyewe wa Faras, watu weusi katika mavazi ya Misa. Rangi zilikuwa nzima. Nyingi zilibanduliwa kutani na kupelekwa Khartoum na Warszawa. Mwaka 1964 kazi ikaisha, na mahali penyewe leo pako chini ya ziwa. Mchanga ulizitunza picha hizo miaka mamia. Nasi wenye kusoma historia ya Kanisa la Afrika yatupasa kuushukuru kidogo.

Msomaji atauliza: Kongo haina jangwa, habari hizi zatuhusu nini? Zatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, nchi yetu iliwahi kuwa kavu. Milima bapa ya Kwango, na sehemu kubwa ya Kasai, imefunikwa kwa mchanga ambao wenye elimu ya mawe huuita mchanga wa Kalahari, na sehemu yake ililetwa na upepo katika nyakati za ukame, kabla ya msitu kurudi. Mchanga huo haushikamani. Mvua ikipata njia, hufungua makorongo yanayomeza nyumba na barabara, kama watu wa Kikwit na wa vilima vya Kinshasa wanavyojua kwa machozi. Na ukiisha kutoka kilimani, huingia mtoni. Pili, ukiisha kuingia mtoni, unaanza kutembea upya kwa kanuni ile ile tuliyoeleza, ila maji yamechukua kazi ya upepo.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi asihangaike na vitabu. Baada ya mvua awapeleke kwenye kijito chenye mchanga safi. Mahali ambapo maji huenda polepole wataona mikunjo midogo, kimo chake santimetre 2 au 3, kama nguo iliyokunjwa. Wakitia juu ya mgongo wa mkunjo mmoja chembe chache za matofali yaliyosagwa, wataziona zikipanda, zikianguka mbele, zikifunikwa. Ni tuta la Olduvai mkononi mwao. Mahali ambapo maji ni mengi na yana nguvu kidogo, mikunjo hutoa nafasi kwa matuta yenyewe. Nguvu ikizidi, matuta hufutika, chini ya maji panakuwa sawa kama meza. Na maji yakiwa membamba na ya mbio sana, hutokea jambo la kushangaza: mawimbi ya mchanga yanapanda kuelekea chanzo cha mto, hali kila chembe inashuka na maji. Hapo mbele ndipo panapoliwa na maji, na nyuma ndipo panapojazwa, kinyume cha rundo letu la matofali. Mwamerika Grove Karl Gilbert aliyachunguza hayo katika mifereji ya mbao huko Berkeley, akaandika mwaka 1914.

Kwa nini mkunjo wa mtoni ni wa santimetre, na tuta la jangwani halianzi chini ya metre kadhaa? Jibu liko katika uzito. Kwarsi inapita hewa kwa uzito mara 2.000 na zaidi, bali maji inayapita mara 2,65 tu. Chembe ikiisha kuchukuliwa na upepo, huhitaji nafasi ndefu kabla ya kupata mwendo wote. Majini huupata mara moja. Umbo lote hupungua kwa kadiri hiyo. Mwaka 2002 wataalamu wa Paris walilithibitisha kwa njia nzuri sana: katika tangi la maji walifanya matuta ya umbo la mwezi mwandamo, marefu santimetre chache tu, nayo yakatembea kwa kanuni zile zile za majitu ya Sahara. Tangu hapo jambo la jangwani linalotaka miaka 10 laweza kutazamwa mezani kwa dakika chache. Na mwaka 2020 watu wa Cambridge, wakitumia tangi la mviringo ambamo matuta mawili hufuatana bila mwisho, waliona ya kuwa yakiwa ya ukubwa mmoja hufukuzana: la mbele husumbua maji nyuma yake, maji hayo yaliyovurugika yanapunguza mwendo wa la nyuma, na nafasi kati yao inaongezeka. Basi milima hukutana, lakini siyo yote.

Katika tangi mtu huona. Katika mto Kongo haoni kitu, maji ni ya rangi ya chai. Hapo ndipo shida ya kupima ilipo. Dawa ya kwanza ni ya zamani, nayo haijatupwa: watu wawili mbele ya mashua, kila mmoja na mti mrefu wenye alama, wakichoma maji na kumwonyesha kapiteni kina. Dawa ya pili ni mwangwi. Mashini hutuma sauti chini, sauti hugonga mchanga na kurudi. Kwa kuwa sauti majini huenda karibu metre 1.500 kwa sekunde, kwenda na kurudi katika kina cha metre 10 huchukua sehemu 13 tu za sekunde moja iliyogawanywa 1.000. Mashua ikitembea na kurudia hivyo daima, huchora mstari wa chini ya mto, matuta yote yakionekana kama meno ya msumeno. Siku hizi ziko mashini zinazotuma sauti nyingi kwa mara moja, kushoto na kulia, nazo hutoa ramani nzima.

Lakini ramani moja haitoshi. Yafaa kurudi kesho, kupita njia ile ile kwa msaada wa satelite, na kulinganisha. Hapo hesabu ya jangwani inarudi. Tuseme, kwa mfano tu, matuta yana kimo cha metre 2 na yamesogea metre 5 kwa siku. Kwa kuwa tuta lina umbo la pembetatu, twachukua nusu: 2 mara 5, gawa kwa 2, ni metre kibiki 5 kwa kila metre ya upana. Mto ukiwa na upana wa kilometre 1, ni metre kibiki 5.000 kila siku, zinazopita kimya chini ya mashua bila mtu kuziona. Huo ni mchanga wa chini tu. Ule unaoelea ndani ya maji hupimwa mbali, kwa chupa.

Vitabu vya zamani vilifundisha ya kuwa tuta la mtoni hufika sehemu ya 5 au ya 6 ya kina cha maji, na kwamba uso wake ni mkali kama wa jangwani. Vipimo vya mwangwi katika mito mikubwa, kama Amazon, Mekong na Paraná, vilivyotolewa mwaka 2020, vimesahihisha mafundisho hayo: katika mito mikubwa nyuso ni za mteremko mdogo, digri 10 hivi, na matuta madogo hupanda juu ya makubwa. Yaliyokuwa kweli katika mfereji wa mbao hayakuwa kweli yote katika mto mpana.

Tufike sasa kwa mashua zetu. Kati ya Kinshasa na Kisangani kuna njia ya maji ya kilometre 1.700 hivi, na kwa watu wengi wa kando ya mto hakuna njia nyingine. Kule Kinshasa maji hujaa hasa mwezi wa 11 na wa 12, hupungua mwezi wa 7 na wa 8. Sasa matuta na mafungu ya mchanga hayana mbio ya maji. Maji yakijaa, hukua. Maji yakishuka upesi, mchanga hubaki umesimama kwa kimo cha mafuriko, na maji juu yake yamekuwa haba. Njia iliyokuwa kushoto kwa kisiwa sasa iko kulia. Kapiteni anayetumaini ramani ya mwaka jana hukwama na watu, magunia ya mihogo na wagonjwa, siku moja au majuma. Ndiyo maana vitabu vya ramani za mto viliwapasa wapimaji kuvitengeneza upya daima, na kazi hiyo ikiachwa, ramani huzeeka kabla ya karatasi. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Kinshasa, pamoja na vyuo vya Uingereza na vya Afrika, kimepima tena sehemu kubwa ya mto kwa mwangwi na satelite. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, kuliko nyingi zinazopigiwa ngoma.

Chini ya Boma shida ni hiyo hiyo, ila kwa meli za bahari zinazopanda mpaka Matadi. Mto hupanuka kati ya visiwa na mafungu, na njia yenye kina huhamahama. Mashini za kuchimba mchanga hufanya kazi huko mwaka kwa mwaka, na katika maabara ya Borgerhout, mjini Antwerp, ulijengwa mfano mdogo wa sehemu hiyo ya mto ili kujua kwanza mchanga utajibu nini kabla ya kuuchimba.

Na mwisho wa safari ya mchanga? Mito mingine mikubwa huuacha mdomoni na kujenga nchi mpya, kama Nili ulivyofanya zamani. Kongo haufanyi hivyo. Ndani ya mdomo wake linaanza bonde refu la chini ya bahari, na mchanga huangukia humo. Tarehe 14 Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, mchanga na tope lililorundikana huko liliporomoka, likashuka katika bonde kwa mbio ya metre 5 hadi 8 kwa sekunde, likaenda kilometre zaidi ya 1.100 kwa siku mbili. Nyaya mbili za intaneti, SAT-3 na WACS, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika zikakaa na mawasiliano mabovu. Wataalamu walikuwa wameweka vyombo vya kupimia humo bondeni miezi michache mbele. Kamba zake zilikatwa, vyombo vikaelea juu, vikatuma habari mahali vilipo. Nyaya zilitengenezwa. Mwezi wa 8 mwaka 2023, katika bonde lile lile, zilikatika tena zote mbili.